Kiwanja Kinauzwa, Muone Fundi Cherehani

Tangazo la nyumba linalosomwa kuliko yote Dar es Salaam halitafuti mteja, linamfukuza: NYUMBA HII HAIUZWI. Huandikwa kwa rangi nyekundu, mara nyingi na mtu asiyewahi kushika brashi, herufi za mwisho zikibanana kwa sababu ukuta umekwisha kabla ya neno. Chini yake huongezwa OGOPA MATAPELI. Mimi nimekula kwa kutengeneza matangazo ya upande wa pili, ya nyumba na viwanja vinavyouzwa, tangu enzi za kupanga herufi za risasi moja moja hadi leo tunapotuma picha kwa simu, na sijawahi kuandika maneno matatu yaliyonyooka kama yale. Mwenye nyumba anaogopa kwamba ndugu au dalali atamuuzia mali yake akiwa safarini, na hofu hiyo ameisema bila kuzunguka.

Vipeperushi vyetu vya kuuza navyo vimejaa hofu, ila ni ya mnunuzi, na tunaitaja kwa kuikana. Hakina mgogoro. Kimepimwa. Hapatuami maji. Hakipo kwenye hifadhi ya barabara. Wanaokuja kwangu kutengenezewa kazi huyaona maneno hayo kuwa mapambo ya biashara tu, kama "karibuni wote". Mimi nina kabati la sampuli za zamani, na karibu kila neno najua lilianza kuandikwa lini na baada ya msiba gani.

Bibi yangu hakuhitaji hata moja. Alikuwa na nyumba Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, jiko na choo uani. J.A.K. Leslie, Mwingereza aliyefanya uchunguzi wa maisha ya mji huu mwaka 1956 na 1957, akauchapisha kuwa kitabu mwaka 1963, aliieleza nyumba ya aina hiyo kwa kirefu, maana ndiyo iliyowahifadhi Waafrika wengi wa mjini. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Wanawake hawakuwa wachache kati ya wenye nyumba wa Kariakoo. Chumba cha kupangisha kilikuwa pensheni ya mjane na ya aliyeachika. Kikiwa wazi, habari ilitoka uani ikafika bombani, na kabla ya magharibi mtu amekuja. Bibi hakumuuliza kazi yake wala mshahara. Alimuuliza, "Una nani hapa mjini?" Akitajiwa mtu anayemjua, mazungumzo yakaendelea. Akitajiwa asiyemjua, chumba kimeshachukuliwa, mwanangu, pole sana.

Ng'ambo ya Mnazi Mmoja mambo yalikwenda kwa karatasi. Waingereza waliuendesha mji kwa kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na upande wa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka uliotenganisha Uhindini na Kariakoo. Gazeti la Tanganyika Standard lilipoanza mwaka 1930, safu zake za matangazo madogo zilikuwa za Kiingereza na za watu wenye anwani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imekwisha kuiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuimiliki kwa muda, miaka 99 ikiwa kikomo. Mmatumbi wa Ilala hakusoma sheria hiyo. Lakini ndiyo iliyokuja kuamua, miaka mingi baadaye, sisi wachapaji tungeweza kuandika nini.

Baada ya uhuru serikali iliikaza zaidi. Umilikaji huria uliobaki kutoka enzi za Wajerumani ulifutwa mwaka 1963 na kugeuzwa ukodishaji, na mwaka 1969 ukodishaji nao ukawa haki ya kumiliki chini ya serikali. Ardhi tupu, kwa nadharia, haikuwa na bei. Kilichouzwa ni kilichosimama juu yake. Kisha ikaja Aprili 1971, sheria ya kutaifisha majengo: nyumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ikahamia kwa Msajili wa Majumba. Wahindi wengi wa katikati ya mji walilala wenye nyumba wakaamka wapangaji. Niambieni, baada ya hapo nani angekwenda gazetini kutangaza kwamba anayo nyumba ya pili, na ni kubwa, na iko barabarani? Fundi aliyenifundisha kazi alisema katika miaka hiyo mtambo wao ulichapa kadi za arusi, stakabadhi, tiketi za dansi na vitabu vya mahudhurio. Tangazo la nyumba hakukumbuka hata moja.

Nilianza kwake mwaka 1986, Kariakoo, katika chumba kilichonuka mafuta ya taa na wino. Mtambo ulikuwa Heidelberg wa zamani wenye mikono miwili inayozunguka, mmoja unachukua karatasi, mwingine unairudisha ikiwa imechapwa. Karatasi ilikuwa ya Mgololo, kiwanda cha Mufindi kilichoanza kazi mwaka 1985, na tuliipata kwa kujuana. Kompyuta hatukuwa nayo wala hatukuiota: serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na athari yake ilidumu muda mrefu. Kila herufi ilitoka kwenye kisanduku chake, ikapangwa kinyumenyume kwa mkono, na mwisho wa kazi ikarudishwa mahali pake. Herufi kubwa za mbao tulikuwa nazo seti moja tu, tena yenye K chache. Ukitaka KIWANJA KINAUZWA kwa herufi kubwa, unapungukiwa. Basi tukaandika SHAMBA.

Hilo la K lilikuwa kisingizio kizuri, maana sheria nayo ilipenda SHAMBA. Mji ulikuwa umefurika. Watu walikuwa wakinunua Tabata, Kimara, Mbezi na Mbagala kwa wenyeji waliokuwa na mikorosho na minazi yao, na karatasi ya mauziano iliandikwa mbele ya balozi wa nyumba kumi. Karatasi hiyo haikusema ardhi inauzwa. Ilisema minazi kadhaa, miembe kadhaa, mkorosho mmoja na msingi wa nyumba. Tangazo la kwanza la namna hiyo nililolipanga kwa mikono yangu lilikuwa nusu ukurasa wa daftari kwa ukubwa, wino mweusi, halina picha: SHAMBA LA MINAZI LINAUZWA. Kila aliyelisoma alijua hakuna atakayekwea mnazi pale. Alikuwa anahesabu hatua. Ishirini kwa ishirini, zinazopimwa na miguu ya muuzaji, na ukiwa na akili unakwenda na rafiki mfupi kuwahesabia wengine na rafiki mrefu kukuhesabia wewe.

Chini kabisa palikuwa na mstari wa mawasiliano, na huo ndio mstari ninaoupenda kuliko yote katika kabati langu. Simu zilikuwa za ofisini na za wakubwa. Mtu wa kawaida aliandika sanduku la posta, au zaidi aliandika mahali na mtu: Muone fundi cherehani, mbele ya msikiti. Uliza duka la mkaa. Fundi yule hakuwa dalali. Alikuwa anajua muuzaji anakaa wapi, na kwa huduma hiyo alipata chochote siku ya malipo. Mnunuzi akifika alikuwa tayari ameshika mkono wa mtu mwenye cherehani isiyohamishika. Swali la bibi, "una nani hapa mjini", lilikuwa limegeuzwa: sasa mnunuzi ndiye aliyemuuliza muuzaji.

Nikaja kugundua kwamba mstari huo ni wa kale mno. Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, ulikutwa na matangazo ya kupangisha yaliyopakwa rangi ukutani. Mojawapo ni la Gnaeus Alleius Nigidius Maius, tajiri wa mji: linataja jengo, linataja maduka yenye vyumba juu yake, linataja tarehe mosi Julai kuwa siku ya kuanza upangaji, na linamwelekeza anayetaka akamuone Primus, mtumwa wake. Lingine ni la mwanamke, Julia Felix, aliyekuwa akipangisha bafu, maduka na vyumba vya juu kwa miaka mitano. Kitu, sehemu zake, tarehe, mtu wa kumuona. Sifa tele hazimo, ingawa bafu la Julia liliitwa la watu wenye hadhi, na mimi kama mchapaji nimeshaandika "mazingira ya kitajiri" mara nyingi kupita kiasi, siwezi kumcheka.

Miaka ya 1990 ilibadilisha vifaa haraka na maneno polepole. Herufi za risasi tuliziuza kwa mizani kwa wayeyushaji. Kompyuta zikaja na PageMaker, kisha CorelDRAW, na ghafla kila kijana wa Kariakoo aliyejua kubonyeza akaitwa dizaina. Wakati huo wateja wakiniita dada. Leo wananiita mama, na wengine wananiuliza kama nina kijana wa kuwafanyia. Tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoundwa mwaka 1991, ilizunguka nchi kusikiliza kero za ardhi. Sera ya Taifa ya Ardhi ikatoka mwaka 1995, na Sheria ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji zikapitishwa mwaka 1999, zikaanza kutumika Mei mosi 2001. Ndani yake ilikubaliwa waziwazi kwamba haki juu ya ardhi ina thamani, na marekebisho ya mwaka 2004 yakalegeza masharti ya kuuza ardhi isiyo na kitu juu yake. Minazi ikaondoka kwenye matangazo. KIWANJA kikaandikwa kwa herufi kubwa, na K zilikuwa nyingi kadiri unavyotaka.

Kilichobadilisha kipeperushi kuliko sheria ni simu ya mkononi. Mobitel ilianza mwaka 1994, lakini simu zile zilikuwa za matajiri. Ilikuwa baada ya mwaka 2000, kampuni zilipoongezeka na laini zikashuka bei, ndipo namba ikameza nusu ya ukurasa. Fundi cherehani akafutwa. Mteja alinisimamia mgongoni akisema, "Namba ikuzwe, dada, ikuzwe zaidi, mtu aisome akiwa ndani ya daladala." Nilikuza. Kwa kazi ya mabango, namba ni mali kweli: mtu ana sekunde chache, akumbuke kitu kimoja. Lakini namba haina mahali. Haina msikiti mbele yake. Mtu mmoja aliweza kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, akatupa laini, na kila mmoja wa watatu akabaki na karatasi yenye mhuri. Ni miaka hiyo ukutani kukajaa maandishi mekundu niliyoanza nayo.

Neno KIMEPIMWA lina historia safi kuliko mengine. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam, ikapima Mbweni, Bunju, Mivumoni, Kibada, Mwanagati, Buyuni na kwingineko. Waliovipata wakapata kitu ambacho jirani zao wa Kimara hawakuwa nacho: namba ya kiwanja na herufi ya kitalu. Walipoanza kuuziana, waliandika namba hiyo kwenye tangazo kwa fahari, na bei ikapaa. Basi muuzaji wa ardhi isiyopimwa naye akataka neno hilo. Ikaanza lugha ya ujanja: "kipo kwenye mchakato wa upimaji", "eneo la mradi", "kimezungukwa na viwanja vilivyopimwa". Hiyo ya mwisho ni kweli tupu na haikusaidii chochote.

Mvua za Desemba 2011 zilileta HAPATUAMI MAJI. Mafuriko yale yaliua watu mjini, yakawatoa wakazi wa Jangwani na mabonde mengine, na baadhi yao wakapelekwa Mabwepande. Kabla ya hapo sina hata kipeperushi kimoja kinachotaja maji isipokuwa kusema yanapatikana. Tangu mwaka uliofuata wateja walitaka neno "mwinuko", na picha zikaanza kupigwa kutoka chini kwenda juu ili kiwanja kionekane kilimani hata kama kipo kwenye sahani.

HIFADHI YA BARABARA ilikuja baadaye. Kwa miaka mingi sifa kuu ya kiwanja ilikuwa kugusa lami, na niliandika KANDO YA MOROGORO ROAD kwa rangi ya njano juu ya bluu nikijua kwamba simu zitaita. Mwaka 2017 nyumba kutoka Kimara kwenda Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara hiyo hiyo, zikiwa zimechorwa X nyekundu kwanza. Baada ya hapo kugusa lami kukawa sifa ya kutiliwa shaka. Kipimo kikawa "mita 300 kutoka lami", karibu vya kutosha kwa daladala, mbali vya kutosha kwa greda. Wengine wanapendelea kuandika dakika badala ya mita. Dakika tano! Za miguu, za bodaboda au za gari la mheshimiwa lenye king'ora, hawasemi, na ukiwauliza wanakutazama kana kwamba umekuja kuharibu biashara.

Kigamboni ingehitaji makala yake. Mpango wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwaacha watu wengi wasijue wajenge au wasijenge, na daraja lilipofunguliwa Aprili 2016 kila kipeperushi cha upande ule kilibeba picha ya nyaya zake, hata kwa viwanja vilivyo mwendo wa saa nzima kutoka darajani. Mwaka huo huo serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, picha ya daraja ikaondoka kwenye dawati langu, ikaja ya bunge.

Katikati ya hayo yote zilizaliwa kampuni za viwanja vya mkopo, na hizo ndizo zilizokileta kipeperushi unachopewa leo Mwenge, Mbagala Rangi Tatu, au Sabasaba wakati wa maonyesho: A5, karatasi ya kung'aa, rangi pande zote mbili. Muundo wake umeshakuwa sheria. Juu jina la mradi, aghalabu la Kiingereza au la mti. Katikati nyumba. Pembeni duara jekundu lenye kiasi cha kulipa kwa mwezi. Bei nzima iko chini, kwa herufi za dawa ya hospitali. Kisha alama za tiki: umeme, maji, shule, zahanati. Chini, "usafiri wa kwenda kuona mradi ni bure kila Jumamosi". Zamani tulipima kwa hatua. Sasa bei ni ya mita moja ya mraba, namba ndogo inayopendeza, na hesabu ya kuzidisha anaachiwa msomaji.

Nyumba ya katikati ndiyo inayonichosha. Mradi hauna nyumba, una nyasi, vigingi na pengine mbuzi wa mtu. Basi hutafutwa picha mtandaoni. Nimewahi kuona kipeperushi cha viwanja vya Bagamoyo chenye nyumba ya ghorofa iliyo na bomba la moshi la jiko la kuotea moto sebuleni. Kijana aliyekitengeneza ni hodari, rangi zake zimekaa, na aliniambia kwamba mteja alitaka "kitu cha kuvutia". Mimi naona picha ya barabara ya vumbi iliyochongwa vizuri, yenye bikoni inayoonekana na gari dogo lililofika pale bila kukwama, inauza kuliko kasri hilo. Anayenunua kwa mkopo ameshasikia mengi. Anataka kuona tairi imegusa ardhi anayouziwa.

Na mstari wa mawasiliano umerudi ulikotoka, jambo ambalo dizaina wadogo hawalioni kwa kuwa hawakumjua fundi cherehani. Namba peke yake haitoshi tena. Sasa kampuni zinaandika ofisi iko jengo gani, ghorofa ya ngapi, mkabala na nini. Zinaweka namba ya mlipakodi, namba ya usajili BRELA, picha ya mfanyakazi akiwa na jina lake na tabasamu. Hata madalali wa vyumba, ambao tangazo lao ni picha ya simu yenye maneno "chumba, sebule, choo ndani, luku yake, kodi miezi sita", wameanza kujirekodi video wakitembea ndani ya nyumba ili uso wao uonekane. Wanajibu swali la bibi yangu bila kulijua.

Kitu kimoja tu bado kinanigombanisha na wateja. Mimi nataka namba ya kiwanja na kitalu ziandikwe kwenye kipeperushi chenyewe, kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu mwenye namba hizo anaweza kwenda ofisi ya ardhi, akalipa ada, akafanya upekuzi na kujua jina lililomo kwenye hati na kama kiwanja kimewekwa rehani. Mteja wangu wa wiki iliyopita, anayeuza viwanja vizuri tu upande wa Kibaha, hakutaka kusikia. "Mama, ukiweka namba, madalali watakwenda wenyewe kwa mwenye eneo, mimi nitabaki na karatasi." Hoja yake si ya kijinga, nimewaona wakifanya hivyo. Nikamwambia basi aweke namba za viwanja vilivyokwisha kulipiwa, mnunuzi mpya apekue cha jirani kwanza aone kama waliotangulia wamepata hati. Amesema atafikiri. Kazi iko kwenye kompyuta, mahali pa namba nimepaacha wazi, na mashine ya kuchapa imewekewa nafasi Alhamisi.